Tarehe Niliyompa Nesi

Mlionifuata kwenye ukurasa huu tangu mwanzo mnajua nilipofikia. Mimi ni Winny, mzaliwa wa Awasi, nimeolewa Pap Onditi. Baada ya miaka saba ya kuitwa tasa nilizaa mapacha wasichana kwa kisu, hapa Kisumu, siku ya Jumapili. Apiyo alitangulia kutoka, Adongo akafuata. Jumanne mchana Apiyo akaacha kupumua.

Sikulia. Mama Selpha, mama mkwe wangu, alinishika mkono kabla sijafungua mdomo. Kwetu Wajaluo mapacha huitwa rude, na rude hawaliliwi. Ukimlilia aliyeondoka unamwita mwenzake amfuate. Nilinyamaza, na mpaka leo sijalia. Ndiyo maana naandika.

Wiki jana wengi wenu mlinitumia ujumbe. Mlimlaani daktari aliyewatoa watoto wangu mapema. Naomba mwache. Kuna jambo moja nililowaficha hata nyinyi, na leo nalisema.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kumpeleka Apiyo nyumbani Pap Onditi. Griffins, binamu ya mume wangu, alikuwa aje na gari lake la Probox saa nane mchana kumchukua mochari. Mume wangu Okinyi ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Juba. Alikuwa hajapata ruhusa ya kusafiri.

Tangu asubuhi nilikuwa nasari, ndiyo wodi ya watoto wachanga. Kina mama tulikaa kwenye viti vya plastiki tukikamua maziwa kwenye vikombe vidogo. Adongo alikuwa ndani ya inkubeta, puani ana mirija ya mashine inayobubujisha maji kwenye chupa. Tulifundishwa kwamba maji yakibubujika, hewa inaingia. Mimi nilikuwa siangalii mtoto, naangalia chupa.

Jirani yangu alikuwa Habiba wa Kaloleni. Naye alijifungua mapacha Jumapili ileile, Ikhlas na Alamin. Kitabu chake cha kliniki kilisema wiki thelathini na tano. Changu kilisema hivyohivyo. Lakini wake walikuwa na kilo mbili na zaidi, hawana mashine, wananyonya hadi wanakoroma.

"Dada Winny," akasema, "umejaza kijiko kizima leo! Wenye ng'ombe wa gredi wakusikie."

"Usinichekeshe, mshono unauma."

"Cheka na upande usioshonwa."

Nilitazama watoto wake. Swali lilikuwa limenikaa kooni siku nne.

"Habiba, wako uliwapataje?"

"Niliwapataje? We! Mume wangu Mukhtar alirudi kutoka kuchukua samaki Port Victoria, mvua ikanyesha wiki nzima. Nikusimulie na yaliyobaki?"

"Hukutumia dawa?"

"Nilitumia. Dawa ya kuzuia!" Akacheka mpaka Alamin akaachia ziwa. Kisha akaniona uso. "Kwani kuna nini, dada?"

Nilimwambia. Alikuwa mtu wa kwanza, nje ya mimi na Okinyi.

"Wangu ni wa matibabu. Walichukua mayai yangu na mbegu za mume wangu, wakaunganisha kliniki. Wakawaweka kwenye baridi. Baadaye wakanipandikizia wawili."

"Kwenye baridi? Kama samaki?"

"Kama samaki."

"Subhanallah. Na wakaamka?"

"Wakaamka."

"Basi hao ni wagumu kuliko hawa wangu wa mvua."

"Mbona basi wako wananyonya na wangu wanakufa?"

Habiba, mwenye mzaha kwa kila kitu, aliweka mkono wake juu ya goti langu.

Nataka mnielewe hapa. Siku zote zile nne nilikuwa nimejihukumu kwa kosa moja: kwamba nililazimisha. Kwamba Mungu alinyima, mimi nikaenda kununua, na mtoto wa kununuliwa hana nguvu. Uchungu huo nilikuwa nimeuzoea. Ningeweza kuishi nao.

Ndipo kengele ya mashine ikalia.

Rangi ya Adongo ilikuwa inageuka kuwa ya majivu. Sista Maximilla ni mwanamke mnene, na kwa kawaida hutembea kama mtu aliye kwake. Siku hiyo alikimbia. Akaingiza mkono dirishani mwa inkubeta, akasugua unyayo wa mtoto kwa kidole. Akasugua tena. Adongo akashtuka, akavuta hewa.

"Anasahau," Sista akasema. "Mara ya tatu leo. Anasahau kupumua."

Lakini hakuuachia ule mguu. Aliushika, akainama, akautazama kama mtu anayesoma barua.

"Mama Ikhlas, leta mtoto wako hapa. Nawe Mama Adongo, njoo uone."

Akageuza unyayo wa Ikhlas. Ulikuwa na mistari mpaka kisiginoni. Akanionyesha wa Adongo. Ulikuwa laini kama kipande cha sabuni kisichotumiwa. Kisha akakunja sikio la Ikhlas, likajirudisha lenyewe. Akakunja la Adongo. Likabaki limekunjika.

"Miaka kumi na tisa niko kwa hii kazi," akasema polepole. "Karatasi inasema wiki thelathini na tano. Sikio linasema thelathini, labda na moja. Mama, nani mwongo hapa?"

Nilijua nani mwongo.

Daktari Wakhungu aliitwa. Ni kijana, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Ndiye aliyenipasua Jumapili, na ndiye aliyepita nasari kila siku kuwaangalia watoto aliowatoa. Alikuja na kitabu changu cha kliniki mkononi, na nyuma yake, amevalishwa gauni la wageni, Mama Selpha. Nyanya wa mtoto huruhusiwa kuingia saa saba mchana.

"Mama," daktari akaniuliza, "siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi?"

Mama Selpha alikuwa amesimama mahali ambapo ningeweza kumgusa.

"Tarehe kumi na nne, Desemba."

"Una hakika?"

"Daktari," Mama akajibu badala yangu, "mimi nilikuwa hapo hapo akiandikwa. Kijana yangu alikuja Krismasi, akarudi kazi tarehe sita Januari. Hesabu iko sawa kabisa."

Daktari akashusha pumzi.

"Basi ni maambukizi. Mtoto wa wiki thelathini na tano hasahau kupumua bila sababu. Tutabadilisha dawa, na tutatoa maji ya uti wa mgongo tuyapime."

"Na kama ni wa thelathini?" Sista Maximilla akauliza, macho yake kwangu.

"Hapo ni ubongo bado mchanga tu. Kuna dawa ya kuukumbusha kupumua. Lakini huharakisha moyo, na wake tayari unaenda mbio, siwezi kumpa kwa kukisia. Nahitaji tarehe."

Akaenda kuandaa sindano ya mgongo.

Sasa niwaambie nililowaficha.

Tatizo la uzazi halikuwa langu. Mbegu za Okinyi zilikuwa chache. Siku tuliyoambiwa alinishika mabega tukiwa bado kwenye ngazi za kliniki. "Mama asijue," akasema. "Mama akijua, hata kuku wa boma watajua." Nilikubali. Nilibaki mimi ndiye tasa, na nikameza kila neno.

Desemba, Okinyi alipokuja, tulijaribu kupandikiza mara ya kwanza, ikashindikana. Wawili waliosalia wakabaki kwenye baridi. Yeye akarudi Juba. Tarehe mbili Februari nikaenda peke yangu, kwa ruhusa yake na sahihi yake, nikapandikizwa. Ikashika.

Siku ya kwanza ya kliniki, Pap Onditi, Mama alinisindikiza kwa furaha. Nikampigia Okinyi nikiwa chooni. Niseme nini? Nikisema katikati ya Januari, mume wangu alikuwa ameshaondoka.

"Sema Desemba," akanijibu. "Mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja utamdhuru nani?"

Nikatoka chooni nikampa nesi tarehe ya Desemba. Akaiandika kwa wino.

Skani ya tumbo nilichelewa kwenda makusudi. Nilipoenda, mpimaji alisema watoto ni wadogo kwa umri wao. Nikajua kwa nini, nikanyamaza. Akaandika kwamba warudiwe kupimwa. Wakarudiwa. Wadogo. Jumapili Daktari Wakhungu alinipima akasema wamekwama, hawakui tena, tuwatoe kabla hawajafia tumboni. Nilikuwa na uchungu wa mgongo na nilikuwa naogopa. Nikaweka sahihi.

Nilikuwa nimesimama nikiyafikiria haya kengele ilipolia mara ya nne.

Safari hii kusugua unyayo hakukusaidia. Sista alileta kile kifuko cha mpira cha kupulizia, akakibana juu ya uso wa mtoto, akakamua, akakamua. Kifua cha Adongo kilikuwa kinapanda kwa nguvu za mkono wa mtu mwingine. Habiba alikuwa anasoma dua chini chini. Mama Selpha alifumba macho akamwita Nyasaye, Mungu wetu.

Alipovuta hewa yake mwenyewe, Daktari Wakhungu alikuwa amekwisha kuja mbio. Nikamshika mkono wa koti.

"Daktari, nikuulize. Mtoto wa kupandikizwa na mtoto wa kawaida, pacha kwa pacha. Wa kupandikizwa ni dhaifu?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kwa nini unauliza?"

"Nijibu kwanza."

"Mimba ya pacha ina hatari zake, iwe ya kupandikizwa au ya kawaida. Kubwa ni kutoka mapema. Ukilinganisha pacha waliotoka wiki moja, uzito mmoja, wengine wanaona tofauti ndogo, wengine hawaioni. Mtoto hajui alianzia wapi, mama. Kinachoamua sana ni wiki alizokaa tumboni."

Hapo ndipo nilipopoteza ule uchungu niliouzoea. Nikapewa mwingine.

Nilimtazama Mama. Nikamtazama Adongo. Nikasema kwa sauti, ili nisiweze kurudi nyuma.

"Tarehe ni ya uongo. Hawa waliwekwa kwenye baridi, wakapandikizwa tarehe mbili Februari. Walikuwa na siku tano tangu kuunganishwa."

Daktari alitoa mfukoni kile kigurudumu cha karatasi wanachohesabia mimba. Akakizungusha. Akakirudisha, akakizungusha tena.

"Thelathini," akasema. "Thelathini na siku nne, Jumapili."

"Kilo moja na nusu," Sista Maximilla akasema polepole, "kwa pacha wa thelathini..."

"Ni sawa," daktari akamaliza. "Ni uzito mzuri."

"Hawakuwa wamekwama?" nikauliza.

Akakirudisha kigurudumu mfukoni.

"Hawakuwa wamekwama, mama. Walikuwa wanakua vizuri." Akamtazama Adongo. "Ningejua, nisingewatoa. Na kama ingelazimu, ningekuchoma kwanza sindano ya kuwakomaza mapafu. Wa thelathini na tano hatumpi."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliigeukia trei ya dawa na kumwambia Sista kipimo. Nikaiona ile dawa ikiingia kwenye mrija mwembamba wa Adongo, matone machache tu, hata kijiko cha chai hayawezi kujaza.

"Sindano ya mgongo tutaiacha kwanza," akasema. "Tumpe saa chache tuone. Siahidi kitu."

Mkono ulinigusa begani. Ulikuwa wa Mama Selpha.

"Nyar Awasi," akaniita, yaani binti wa Awasi, kama alivyoniita siku niliyoolewa. "Kuja nje."

Tulikaa kwenye benchi la korido, chini ya saa ya ukutani. Mama hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kidole kwa kidole, midomo inacheza.

"Februari," akasema. "Okinyi alienda tarehe sita Januari. Siku shule zilifungua. Mimi mwenyewe nilimpikia kuku."

"Ni watoto wake, Mama. Walitengenezwa akiwa hapa. Walihifadhiwa."

"Mtoto anahifadhiwa?"

"Siku hizi anahifadhiwa."

"Nyathina, mwanangu, mimi sikusoma, lakini si mjinga. Mara Desemba, mara Februari. Umenidanganya miezi hii yote ukikula kwa meza yangu. Sasa hii ya baridi ndiyo ya ukweli?"

"Muulize Okinyi. Karatasi alitia sahihi yeye."

"Ziko wapi?"

Zilikuwa Juba. Okinyi alizibeba ili zisionekane nyumbani.

Mama akatoa simu yake ndogo kifuani. Akapiga, akaweka sauti ya nje. Waliongea Kijaluo, nami nawaandikia maana yake. Nyuma ya sauti ya Okinyi palikuwa na mlio wa mashine ya kukata vyuma, na watu wakizungumza.

"Mama, mmeshaanza safari?"

"Bado. Nataka kukuuliza kitu kimoja, unijibu kama mwanangu. Wewe na mke wako mliwahi kwenda hospitali kutafutiwa mtoto?"

Mlio wa chuma ukaendelea. Mtu mmoja huko akacheka.

"Okinyi," nikasema, "mwambie. Adongo ameshapewa dawa kwa sababu nimesema. Maliza tu."

"Winny, mimi niko kazini, kuna watu hapa."

"Sema ndiyo. Neno moja."

Kisha akasema, sauti yake imekuwa ya juu, sauti ya kusikiwa na wenzake.

"Mama, mambo ya mayai kuwekwa kwenye baridi mimi siyajui. Muulize yeye alikoenda."

Simu ikakatika.

Nilikaa nikiitazama ile simu. Mama alikuwa amemwuliza habari ya hospitali tu. Neno baridi halikutajwa na mtu yeyote kwenye simu ile. Wala yai.

"Umesikia, Mama?" nikamwambia. "Umesikia alichosema? Nani amemwambia habari ya baridi?"

Mama Selpha alikuwa anarudisha simu kifuani. Ilimchukua muda. Aliikosa nguo mara mbili. Hakunitazama, na mpaka leo sijui kama alisikia nilichosikia mimi au alichagua kutosikia.

"Mimi si mtu mbaya," akasema. "Huyo mdogo ndani, Mungu amsaidie apumue. Sitamwombea mabaya. Lakini mtoto ambaye baba yake amemkataa, nitamchimbia wapi katika boma ya watu? Nitaambia mzee nini? Nitaambia ndugu zake nini?"

"Mama, kaburi limeshachimbwa."

"Litafukiwa."

Akasimama, akavua lile gauni la wageni, akalikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaliweka kwenye benchi kando yangu. Akatembea hadi mwisho wa korido akipiga simu nyingine. Hakugeuka.

Kupitia kioo nilimwona Sista Maximilla amesimama juu ya inkubeta, mikono kiunoni, anaangalia chupa. Maji yalikuwa yanabubujika. Alinyoosha kidole gumba kwangu, kisha akakishusha nusu, kama mtu aliyeogopa kuahidi.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika tano simu yangu ilipoita. Griffins.

"Shemeji, pole sana. Nimeshambeba. Niko geti ya chini."

"Asante, Griffins."

"Lakini shemeji, Mama amenipigia sasa hivi. Anasema nisikanyage Pap Onditi na hii gari." Honi ikalia nyuma yake. "Nimemwuliza kwa nini, amekata. Sasa niende Awasi kwenu?"

Awasi kwetu, mtoto wa binti aliyeolewa hazikwi. Baba yangu asingefungua hata geti. Na nikiondoka na gari, Adongo angebaki na saa zake chache bila mtu wake.

"Shemeji, uko? Askari ananiambia nitoke hapa, nimefunga njia. Niambie tu. Tunaelekea wapi?"

Apiyo alikuwa kwenye kiti cha nyuma, na Griffins alikuwa hajazima injini. Niliisikia kwenye simu, inanguruma, inasubiri jina la mahali.